Suruali Zilianza Kupanda Lini

Mdogo wangu alizunguka kibanda changu cha ushonaji kama kuku anayetaka kutaga. Insha yake ya chuo, kuhusu chanzo cha mtindo wa suruali fupi, ilikuwa imerudishwa na mwalimu wake ikiwa na wino mwekundu: "Ushahidi uko wapi?" Mwisho wa kuipeleka tena ni leo saa sita mchana. Akikosa, anarudia mwaka.

"Dada, nimeandika ni wanamuziki na simu. Anataka nini tena yule mzee?"

"Kaa kwanza, unanitimulia vumbi."

Hakukaa. Mimi niliishia darasa la saba, insha sizijui, lakini suruali nazijua. Nikamfungulia daftari langu la vipimo, kila mteja na tarehe yake. Mwezi wa nne barabara yetu ilichimbwa kupitisha mabomba, matope yakajaa, na wiki hiyohiyo watu wakaanza kuniomba nipunguze inchi mbili, tatu. Barabara ilifukiwa zamani, ila macho yalishazoea.

Alisoma amesimama, kidole kikikimbia, mara akacheka hadi akakohoa.

"Huyu aliyeandikwa hapa ni mwalimu wangu wa chuo, mwenye miwani?"

"Huyohuyo. Yeye alitaka inchi nne."

Alilikwapua daftari akatoka mbio, nami nikabaki nawapima wateja upya.

Jioni mwalimu mwenyewe alinirudishia daftari. Mdogo wangu amepita, alisema. Kisha, akitazama pembeni, akauliza kama zile inchi nne nilizomkatia bado ninazo.