Moto Una Nafuu

Binti yangu ana chumba cha kushonea sare za shule, na mwanawe, mjukuu wangu, ndiye anayeshona kola. Mkono wake mwepesi, lakini akiingia kwenye siku zake hujikunja juu ya cherehani kama mtu aliyepigwa teke. Mafundi wenzake wakambandika jina: Likizo.

"Likizo kaanza tena," walicheka. "Sisi wengine tuna matumbo ya mbao?"

Mama yake hakucheka, ila alisema yale yale. "Ng'ombe haelemewi na nunduye, mwanangu. Ukizaa yataisha."

Dawa ya pale ilikuwa moja. Unakunja mabaki ya kitambaa, unayapiga pasi mpaka yachemke, unayaweka tumboni ndani ya gauni, kazi inaendelea. Sote tulifanya hivyo.

Siku hiyo nilikuwa nakata nyuzi, nikasikia harufu ya kuungua. Nikakagua pasi, nikakagua sare mezani. Kumbe ni kwa mjukuu wangu. Nilipokitoa kile kitambaa, kilitoka na ngozi.

"We mtoto, hukusikia moto?"

"Niliusikia, Bibi. Moto una nafuu."

Mama yake alishika mkasi, hajui auweke wapi.

"Huyu anakwenda hospitali," nikasema.

"Mama, tukaseme nini? Kwamba ana hedhi?"

"Tukaseme hivyo hivyo."

Daktari, mama wa makamo, alisafisha kidonda akataka kutuaga.

"Hilo la juu tu, daktari," nikamwambia. "Tumeleta la ndani."

Akaketi tena. Akamuuliza mtoto mambo ambayo sisi hatukuwahi kumuuliza: anatapika? Akienda haja anaumia? Yote ndiyo. Baada ya vipimo akatueleza kwamba nyama kama ile ya ndani ya kizazi imeota nje yake, kila mwezi inavuja na kuvimba. Ni ugonjwa. Dawa zitapunguza maumivu, pengine apasuliwe. Kuhusu kuzaa, hakuahidi.

Mwanangu akauliza kwa sauti ndogo, "Tungemleta mapema?"

"Ingesaidia," daktari akasema. Hakumficha.

Mjukuu wangu hakulilia kidonda wala uzazi. Alililia lile neno, ugonjwa.

"Kumbe naumwa," akasema. "Mama, naumwa kweli."

Mama yake akamkumbatia, akikwepa penye bandeji.