Shangazi Semeni Hajaachia Kitufe

Usiku wa jana niliota mnara wa simu umekuja jikoni kwangu, umeketi kwenye kigoda na kuloweka miguu ndani ya beseni.

"Mafuriko yamenifukuza Kilosa," ukasema. "Mtandao hakuna tena. Una sukari?"

Nikaupa sukari, mgeni ni mgeni. Kisha nikaikimbilia redio yangu ya upepo, ile ya kuongea na kujibiwa bila mtandao wa simu, maana Kilosa ndiko anakoishi Shangazi Semeni, aliyenilea. Nilimpelekea redio ndogo ya mkononi kwa ajili ya siku kama hii. Yote ameyashika, hata kusema "ova" akimaliza zamu yake, isipokuwa moja: akibonyeza kitufe cha kuongelea, hakiachii. Na asipokiachia, hakuna anayeweza kumjibu.

Nawasha. Yuko hewani.

"Hamjambo huko? Mimi niko juu ya paa la mbele. Watoto wazima? Mbuzi je? Na yule jirani wa mguu, amepona?"

"Amebonyeza," redio yangu inaninong'oneza. "Sheria ni sheria. Mmoja akiongea, wote kimya." Nayo inafumba mdomo.

Nafungua mdomo, sauti haitoki. Nje majogoo wanatikisa shingo bure. Shangazi yangu ameinyamazisha nchi nzima! Nacheka kimyakimya hadi mbavu zinauma, kisha nakumbuka kwamba ukuta wake wa mbele ni wa udongo.

Napanda juu ya waya wa antena na kutembea. Hatua ya tatu niko Kilosa, juu ya paa. Kibwana mwenye mtumbwi anapunga kasia, anaonyesha paa la nyuma, huko ndiko anakoweza kufika. Shangazi amempa mgongo. Ukuta unamomonyoka. Hata mto umesimama kwenye madirisha, unangoja zamu yake ya kuongea.

"...na shemeji yako, presha imeshuka?" Shangazi anaendelea.

Sina sauti ya kumwamkia. Basi nainama na kumnyooshea mkono wa kulia, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Shangazi hajawahi kuukataa mkono wa salamu. Anahamishia redio kushoto ili anipokee, na kidole kinaachia kitufe.

Kelele zikalipuka! Majogoo, mnara, redio, wote kwa mpigo, na Kibwana juu yao: "Shangazi, nyuma! Nenda paa la nyuma! Ova!"

"Sasa mbona hukusema mapema?" Shangazi akamjibu, akaanza kutambaa, kuku kwapani.

Mto ukakohoa. "Naweza kuendelea?"

"Subiri kidogo," nikauambia, "kuna dharura hewani."

Ukasubiri. Una adabu kuliko wengi wanaoongea kwenye masafa yetu ya redio.

Nikaamka. Kumekucha, mvua inanyesha, simu haina mtandao. Nikawasha redio.

"Ukuta wa mbele umeanguka," ikasema sauti ya Shangazi, "ila mimi nimo mtumbwini kwa Kibwana, na kuku wangu. Lakini mkono wako, mwanangu, ulikuwa wa baridi mno. Vaa sweta. Ova."

Akaachia kitufe, akaningoja.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema huku nalia. "Ova."