Ukuta Uliokubali Kuulizwa

Boon Kiat alikuwa ameshaielekeza mashine ya kutobolea ukutani, mkewe Siew Peng alipomdaka mkono.

"We Kiat, huo ni ukuta wa chumba cha kujikinga na mabomu. Ukiutoboa, serikali yenyewe itakuja kunywa chai hapa."

Kila nyumba kwenye ghorofa lile ina chumba hicho, zege tupu na mlango wa chuma, na kila nyumba hujaza humo mchele na miavuli. Bomu halijawahi kufika. Kutoboa, marufuku.

Kuta nyingine nazo, kwa mila yao, zilikuwa na dosari za kumkosea heshima marehemu. Huu umepakana na choo, ule unatazamana na mlango wa choo, wa dirishani una boriti kwa juu. Na marehemu Teck Soon, baba yake Boon Kiat, ambaye sasa ni picha na kibao cha jina kinachofukiziwa udi, hatundikwi popote kama kalenda. Mjane wake, Guat Hoon, alianguka bafuni akiwa peke yake, akalala sakafuni mpaka muuza mboga aliposhangaa kutomwona. Ndipo akakubali kuhamia kwa mwanawe, kwa sharti moja: mumewe apate mahali. Asipopata, jioni hiyo hiyo anarudi kwake. Na mama yule akisema, amesema.

Siew Peng hakuwa mtu wa kushindwa na ukuta. Alileta nguzo mbili za chuma zinazobanwa kati ya sakafu na dari, na ubao mpana wenye matundu kama chekeche. Vigingi unavichomeka utakapo, rafu inakaa juu yake. Akausimamisha mbele ya zege. Jirani yao Rokiah, aliyenusa habari tangu mashine ilipotolewa, akaingia na sahani ya keki za nazi.

"Shoga, mbona umejenga ukuta mbele ya ukuta?"

"Wa nyuma haujui kupokea wageni."

Guat Hoon alichomeka kidole kwenye tundu, akakichomoa. "Hiyo rafu inahama?"

"Popote, mama."

"Basi atajiona mpangaji. Mtu wa kuhamishwahamishwa hana kwake."

Boon Kiat akaitazama simu yake kana kwamba imelia. Lakini Siew Peng alikuwa na jambo alilotaka kulijua.

"Mama, kule kwako baba mlimuuliza mara ngapi anataka kukaa wapi?"

"Mara moja. Sarafu zikakubali, fundi akapigilia misumari. Nani angemwita fundi arudi?"

"Basi hapa tumuulize tundu kwa tundu."

Guat Hoon akafikiri. Kisha akawasha udi, akachukua sarafu mbili. Zikirushwa zikalala tofauti, moja uso juu na moja uso chini, marehemu amekubali. Zikifanana, hataki, au anawacheka tu. Rafu ikawekwa kulia, juu ya vichwa vya watu. Zikafanana. Katikati, zikafanana. Karibu na dari, zikafanana tena.

Rokiah alikuwa amesahau keki mkononi. "Bibi, ndivyo alivyokuwa?"

"Mkahawani alikuwa akibadilisha meza mpaka wenye mkahawa wakimwona wanaficha viti."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Guat Hoon alicheka.

"Alipenda kumwona anayeingia," Boon Kiat alisema.

Wakachomoa vigingi, wakaihamishia rafu kushoto kabisa, ikitazama mlango wa nje na ujia wanakopita majirani. Sarafu zikalala tofauti.

"Rusha tena tuhakikishe," alisema Rokiah.

"Mtu akishakubali, humsumbui," alijibu Guat Hoon.

Guat Hoon akapanga picha na kibao, akarudi nyuma kutazama. "Kule kwangu ametazama jiko miaka yote," alisema taratibu. "Na sikuwahi kumuuliza mara ya pili."

Akamgeukia mkwewe. "Vigingi vimebaki?"

"Vipo, mama."

"Nichomekee hapa chini, dawa zangu na miwani vikae. Sitaki kuvitafuta asubuhi."

Siew Peng akaenda kuvileta kabla hajaambiwa tena. Rokiah alikuwa ameshatoka, na sauti yake ilisikika nyumba ya tatu, akisimulia yote.