Picha ya Kumi na Nne

Saa mbili kasorobo asubuhi Mkunga alimfunga mumewe kamba za viatu, kwa sababu magoti ya mzee yalikuwa yamegoma kukunjika tangu waje ugenini. Mumewe naye akambandika kibandiko cha jina kifuani, kwa sababu vidole vya Mkunga havikuwa tena rafiki wa pini. Hivyo ndivyo walivyoanza kila siku ya kazi. Walisali kwa ufupi, wakafunga mlango wa chumba chao, wakashuka ngazi wakishikana.

Wote wawili walikuwa wamestaafu: yeye baada ya miaka thelathini na sita ya kuzalisha, mumewe baada ya arobaini ya kufunga mabomba. Kanisa lao liliwaomba watumikie mwaka mmoja na nusu katika nchi ambayo hawakuwahi kuiwaza, wakakubali, wakawaaga wajukuu. Huku hakuna aliyewaita kwa yale majina ya vibandikoni. Ofisi nzima ya misheni ilimwita yeye Mkunga, na mumewe Fundi. Asubuhi waliandika taarifa za miradi, mchana waliwatembelea wagonjwa, na Jumatano Mkunga alikwenda zahanati kumsaidia Muuguzi, aliyekuwa peke yake kwa wajawazito wa kata nzima.

Saa tatu na dakika kumi, kama kila siku, picha ya kumi na nne ilianza kutoa maji.

Ilitundikwa koridoni, kati ya picha ya darasa na picha ya cherehani kumi na mbili. Misheni ile ilikuwa na utaratibu wake: mradi haukuhesabiwa umekamilika mpaka picha yake ipande ukutani, na ikishapanda, mradi haukufunguliwa tena. Picha ya kumi na nne ilikuwa ya uzinduzi wa kisima cha zahanati. Pampu ya mkono ilikuwa inatema maji. Wanawake watano walishika ndoo. Muuguzi alicheka meno yote nje, Mkunga akiwa kando yake, na Fundi alisimama mbele ya pampu na kalamu mkononi. Mratibu wa misheni alikuwa juu ya jukwaa la mbao, mkono hewani.

Maji yalitoka kwenye mdomo wa pampu, yakavuka fremu, yakaangukia zulia. Mfagizi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitega ndoo, na ilipojaa akaenda kumwagilia maua ya mbele ya ofisi. Zilikuwa lita sitini kwa siku, hazizidi wala hazipungui. Wiki ya kwanza Fundi aliyaonja na kuyapima. Hayakuwa na chumvi wala tope.

“Maji mazuri,” alisema, akayaandika kwenye daftari lake pamoja na mabomba mengine yanayovuja ofisini.

Pampu yenyewe, kilomita mbili kutoka hapo, haikuwa imetoa tone tangu siku ya uzinduzi.

Hilo nalo halikuwa fumbo. Alfajiri ya siku ile lori lilikuja na kumimina tangi zima la maji ndani ya shimo. Shimo lilikuwa na mita kumi na moja; maji ya ardhi ile yako mita arobaini. Mzee na mkewe walikuwa na siku nne tu nchini, na fomu ya kukamilisha mradi ilihitaji sahihi ya mtaalamu. Fundi aliyaona maji yakitoka, akasaini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba hii Fundi alijifunga mwenyewe. Wiki mbili baadaye alifunga jiwe kwenye uzi, akalishusha shimoni, na jiwe likarudi na vumbi. Alirudi chumbani akakaa kitandani bila kuvua kofia.

“Miaka arobaini,” alimwambia mkewe, “sijawahi kusaini bomba kabla ya kushusha uzi. Hata la mama mkwe wako.”

“Mama mkwe wangu ni mama yako.”

“Hasa. Na yeye nilimshushia uzi.”

Aliandika barua ya kufuta sahihi yake. Ilirudishwa ikiwa na maelezo kwamba picha ilishapanda ukutani.

Kwa hiyo zahanati ilibaki na sheria yake ya zamani. Mama mwenye uchungu alikuja na madumu mawili ya maji, moja la kumwosha yeye na mtoto, la pili la kuosha kitanda na mikono ya Muuguzi. Asiyekuja nayo alikaa kwenye benchi mpaka nduguze warudi bondeni, saa moja kwenda na saa moja na zaidi kurudi.

Jumatano moja alikuja msichana wa saluni, uzazi wa kwanza, akiwa na dumu moja. Dada yake alikimbilia bondeni, ila mtoto hakumngoja. Muuguzi na Mkunga walifanya walichoweza kwa dumu lile moja. Mtoto alilia vizuri, akanyonya vizuri. Siku ya nne kitovu kilivimba na kunuka, siku ya saba mtoto akafa. Siku hizo zote maua ya ofisi yalimwagiliwa asubuhi, kama kawaida.

Mkunga aliyajumlisha maji hayo jioni, mezani, kwa penseli. Lita sitini mara siku saba. Hakulia. Alimwambia Mungu, kwa sauti ya kawaida, kwamba kesho yake angekwenda kwa Mratibu, na kwamba hakuhitaji kuongozwa maneno, kwa sababu anayo.

Mratibu alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti mwenyewe. Hakuwa mtu mkali. Mkunga aliomba jambo moja: picha ya kumi na nne ihamishiwe chumba cha kuzalia.

“Mama yangu,” alisema Mratibu, “ile picha ni mali ya makao makuu. Ina namba.”

“Basi tupeleke maji tu, picha ibaki na namba yake.”

“Tutayapeleka kwa sababu gani? Kwenye kumbukumbu zetu zahanati ina kisima. Tukiandika tumewapelekea maji, makao makuu watauliza kisima kina nini.”

“Kina vumbi. Mwambie anayeuliza kina vumbi.”

“Mama, mradi umekamilika.”

“Mtoto naye amekamilika,” alisema Mkunga. “Alikaa siku saba.”

Mratibu aliinamisha kichwa. Kisha alimpa pole, akamkumbusha kwamba wageni wa makao makuu wangefika mwisho wa mwezi ujao, na akamsindikiza mpaka mlangoni.

Kuanzia kesho yake wazee walifika ofisini mapema. Fundi alipigilia kijifereji cha bati chini ya fremu, akaunganisha mpira na bomba dogo la kufunga na kufungua. Ilikuwa kazi safi, ndiyo ya kwanza iliyomridhisha tangu afike. Mfagizi aliwaazima toroli bila kuombwa. Madumu matatu yalipojaa waliyasukuma kilomita mbili, Mkunga kushoto, mumewe kulia, wakipumzika kila mti wenye kivuli. Wapita njia waliwasalimu. Mmoja aliwauliza kama biashara ya maji inalipa uzeeni, na Fundi akamjibu kwamba wateja wao wengi huja uchi na hawana mifuko.

Walifanya hivyo siku kumi na tisa. Katika siku hizo walizaliwa watoto kumi na mmoja, na hakuna kitovu kilichooza. Maua ya ofisi yalikauka.

Siku ya ishirini Mratibu aliyaona maua, kisha akauona mfereji. Hakugomba. Alisema tu kwamba wageni wanakaribia, zulia limeoza, na picha lazima iwekewe kioo kinene kilichozibwa kwa gundi pande zote nne. Alimwomba Fundi aifanye kazi hiyo, kwa kuwa ndiye fundi aliyekuwapo.

“Magoti,” alisema Fundi.

“Ni kazi ya kusimama, Mzee.”

“Hata ya kusimama.”

Akaitwa mwekaji vioo wa mtaa wa pili. Alikuwa hodari. Alichomoa mfereji, akapaka gundi, akapachika kioo, na saa tano asubuhi korido ilikuwa kavu.

Pampu ya pichani haikuacha kutoa maji. Yalianza kujaa nyuma ya kioo. Siku ya kwanza yalifunika visigino vya wanawake wenye ndoo. Siku ya tatu yalifika magotini. Wiki ya pili yalimfika Muuguzi kiunoni, na sketi yake nyeupe ikaelea. Mfagizi alipangusa kioo kwa nje kila asubuhi, na siku maji yalipofika kifuani alimnong’oneza Mkunga kwamba mama wa tatu kutoka kushoto ni shemeji yake. Mkunga alilifikisha hilo kwa Mratibu. Mratibu aliliandika.

Kule zahanati madumu yalirudi kuwa mawili. Mkunga alimweleza Muuguzi hali ilivyo, na Muuguzi aliendelea kukunja vitambaa.

“Kwenye picha maji yananifika shingoni, Mama,” alisema. “Huku nanawa kwa mate.”

Wageni walifika mwisho wa mwezi, wanne, wakapitishwa koridoni. Mbele ya picha ya kumi na nne walisimama muda mrefu kuliko mbele ya nyingine zote. Mmoja alisema hajapata kuona watu walioinua vichwa kwa matumaini kiasi kile. Maji yalikuwa yamefika videvuni. Muuguzi alikuwa bado anacheka, ila midomo ameifunga. Fundi na Mkunga wa pichani walikuwa wamesimama kwa ncha za vidole. Mratibu peke yake, juu ya jukwaa la mbao, alikuwa mkavu mpaka soli.

Muda wa wazee kutumikia ulipokwisha waliletewa fomu ya tathmini ya mwisho. Iliuliza, mradi kwa mradi, kama kila mmoja unatoa huduma. Kwenye kisima cha zahanati Fundi aliandika: Ndiyo. Koridoni. Katibu wa ofisi, akiinakili kwenye kompyuta, alikuta nafasi ya neno moja tu, akaandika la kwanza.

Gari la uwanja wa ndege lilikubali kupitia zahanati kwa dakika ishirini. Kwenye benchi alikuwapo mwanamke mwenye uchungu pamoja na mama yake, na miguuni mwao madumu mawili, moja limejaa, la pili nusu. Muuguzi alikuwa anawaeleza taratibu kwamba nusu haitoshi. Mama wa yule mwanamke alijitwika dumu la nusu, akashika njia ya bondeni. Mkunga alivua saa, akakunja mikono ya koti, akampima mwanamke: njia imefunguka sentimita saba. Dereva alipiga honi.

Alirudi garini akiwa na mikono ambayo hakuinawa. Fundi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, wima, kidevu kimeinuliwa juu, na hakukishusha mpaka uwanjani.