Mfupa Hautoki Hewani

Glasi za kabatini zililia kidogo, zikanyamaza, zikalia tena. Bado kulikuwa giza. Fundi cherehani, aliyelala chumba cha pili huku mtoto wake wa kike amemlalia mkono, alisikiliza mpaka akajua ni nini: mama yake ameanza mazoezi. Bibi alikuwa amesimama jikoni, ameshika ukingo wa meza, ananyanyuka kwa vidole vya miguu kisha anajiachia ashukie visigino. Tu. Glasi zikalia. Tu.

"Mama, sakafu itapasuka," fundi alisema bila kuinuka.

"Acha ipasuke yenyewe. Mimi nimechoka kupasuka."

Na alikuwa na haki ya kuchoka. Mwaka uliopita alivunjika kifundo cha mkono kwa kufungua dirisha lililokwama. Kabla ya hapo alivunjika ubavu kwa kupiga chafya. Daktari alimwonyesha picha ya mifupa yake, imejaa matundu kama mkate ulioumuka kupita kiasi, akasema kitakachofuata ni nyonga, na nyonga ya mtu wa umri ule ikivunjika, kitanda hakimwachii. Akampa dawa, na pamoja na dawa akamwelekeza kwenye darasa la mazoezi la watu wenye mifupa myepesi, katika ukumbi ulio nyuma ya hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa msichana mwenye filimbi shingoni na sauti kubwa kuliko ukumbi.

"Mfupa ni kama mtu mvivu," aliwaambia akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki. "Usipoubebesha kitu, unasahau kazi yake. Hapa hatuubembelezi. Tunaushtua."

Bibi alilipenda neno hilo. Alirudi nalo nyumbani, akawa anaushtua mfupa anaposubiri chai ichemke, anapoongea na jirani dirishani, anapotafuta miwani. Alianza na visigino na kusimama kwa mguu mmoja, mazoezi ya nyonga. Mjukuu wake alikuwa akiweka sikio kwenye nyonga hiyo kila mazoezi yanapokwisha, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusikiliza: mchakacho mwembamba, kama sukari inayomiminwa kwenye chupa.

"Inaingia," mtoto aliripoti.

"Iache iingie," bibi alisema. "Usiizibe njia."

Baada ya wiki kadhaa bibi alikuwa anakwenda dukani bila fimbo. Katika wiki hizohizo, fundi aliona kwamba msumari anaotundikia nguo za wateja umepanda ukutani. Hakulitilia maanani. Mwanamke mwenye mtoto mdogo, mume dereva wa malori aliye barabarani, na cherehani inayodai mafuta, huwa na mambo mengi ya kujinyoosha na kuinama. Sketi zake zilipoanza kuburura, alizipandisha pindo kwa uzi wa rangi ileile, yakaisha.

Kisha bibi akapewa mpira mrefu wa kuvuta, kwa ajili ya mgongo. Aliufunga kwenye kitasa cha mlango wa chumbani, akawa anauvuta kwa mikono miwili kama mtu anayegombania mbuzi na jirani. Mgongo uliokuwa umepinda kama ndoana ulianza kunyooka. Siku moja alitangaza kwamba ameliona dari la nyumba yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na kwamba lina utando wa buibui, na kwamba hakuna aliyemwambia.

Wiki hiyo ndipo alipofika kifungua mimba wake, joho lake la mahakamani likiwa limekunjwa kwenye mfuko. Alikuwa mtu mrefu, mrefu wa kuinama milangoni, na familia ilimwita Wakili tangu akiwa shule ya msingi, kwa ajili ya mdomo wake. Siku hiyo mlangoni hakuinama.

"Linafagia," alimwambia dada yake. "Nikisimama kumtetea mtu, linafagia sakafu. Karani amecheka."

Fundi alimpandisha juu ya kigoda, akamzunguka na pini mdomoni, akizichomeka pindoni mojamoja.

"Kaka, joho halijarefuka."

"Najua halijarefuka. Wewe kata."

Hakukata, kwa sababu kitambaa kizuri hakikatwi. Alilikunja kwa ndani na kulishona kwa mkono.

Bibi alipoingia hatua ya tatu, kusukuma ukuta kwa viganja ili vifundo vya mikono vikomae, alikuja mwana wa pili. Huyu alikuwa mlinda mlango wa timu ya kiwanda anachofanyia kazi, na hata bosi wake alimwita Golikipa. Aliweka glavu zake mezani. Alipovaa moja kuonyesha, ncha za vidole zilining'inia tupu.

"Juzi nimefungwa bao," alisema kwa utulivu. "Mpira umepita mahali palipokuwa na kidole."

Siku ya kipimo, daktari aliilinganisha picha mpya na ya zamani, akafurahi sana na kumsifu bibi kwa bidii. Fundi alimsubiri mama yake atoke kwa daktari, akamfuata mtaalamu wa mazoezi ukumbini, akamkuta anakunja mikeka.

"Huu mfupa mpya unatoka wapi?"

"Mfupa hautoki hewani," mtaalamu alijibu. "Unarudi kutoka ulikokwenda. Mama yako ana watoto wangapi?"

"Watatu."

"Basi. Wa kwanza huchukua mgongo, hiyo ni kawaida. Wa pili alikuwa mzito?"

"Wanasema alikuwa hakubali kuwekwa chini."

"Mikono. Na wewe kitinda mimba ulibebwa kiunoni. Nyonga ni yako." Aliubana mkeka kwa goti ili aufunge kamba. "Hapo ndipo wengi huacha. Wana wakianza kupungua, gari linatumwa kuja kumchukua mama darasani. Wanaobaki ni wasio na watoto, ambao mifupa yao huja polepole kwa njia ya kawaida, na wenye mabinti watupu."

"Hao hawaachi?"

"Hakuna anayekuja kulalamika."

Kikao kiliitishwa Jumapili mchana. Wakili alikaa kwenye kiti kikubwa, na viatu vyake viligusa sakafu kwa ncha tu. Golikipa aliweka mikono mifukoni. Fundi alikaa kwenye kigoda, anashona vifungo vya shati la mteja, kwa kuwa mteja angelifuata jioni. Mtoto alikuwa chini ya meza na chaki ya fundi.

Wakili alifungua kikao kwa kikohozi.

"Mama, sisi hatupingi afya yako. Afya yako ni afya yetu."

"Naona," bibi alisema. "Ndiyo maana nikipona mnaugua."

Golikipa alicheka, kisha akamwangalia kaka yake, akaacha.

"Lakini lipo suala la kisheria," Wakili aliendelea. "Mtu akitoa kitu, kikapokelewa, kikatumika miaka yote hii, hawezi kuamka asubuhi moja akakirudisha kwa mpira uliofungwa kitasani."

"Kwani niliwapa? Mlikuwa tumboni. Mlijipakulia wenyewe."

"Mama, kutoa ni moyo."

"Mimi nasema mgongo, wewe unasema moyo."

"Mimi naomba vidole tu," Golikipa alisema. "Urefu sina shida nao."

"Huna shida nao kwa sababu si wako," Wakili alimjibu.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," bibi alisema, akizungumza na birika la chai.

Wakili alifikiri. Kisha akageukia kigoda cha dada yake.

"Na wewe, mdogo wangu? Umepungua?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu visigino."

"Mbona hukusema?"

"Nilishapunguza sketi."

Wakili alimtazama kama mtu aliyepata hoja aliyokuwa akiitafuta mifukoni. Alieleza kwa ufasaha, na lazima isemwe kwamba alieleza vizuri. Mpira wa mgongo usimame. Ukuta usimame. Visigino na mguu mmoja viendelee, kwani daktari mwenyewe amesema hatari kubwa ni nyonga, na hakuna mtoto mwema anayetaka nyonga ya mama yake ivunjike. Na kwa upande wa dada, hakuna lalamiko lililoletwa mbele ya kikao.

"Asiye na malalamiko hana kesi," alimalizia.

Golikipa alisema hiyo ni haki. Akaomba sukari.

"Basi naacha yote," bibi alisema.

Na akaacha. Asubuhi glasi zilikaa kimya kabatini. Wakili alianza tena kuinama milangoni. Alilileta joho, fundi akalifumua pindo na kulipiga pasi kwa kitambaa chenye maji mpaka alama ya mkunjo ikapotea. Golikipa alidaka penalti, na picha yake ikabandikwa kwenye lango la kiwanda. Mgongo wa bibi ulirudi kupinda, kidogo kidogo, mpaka dari likawa jambo la kuhadithiwa. Fundi naye alirefuka. Msumari ulishuka ukutani, akawa anatundika nguo bila kujinyoosha, na aliona aibu kidogo jinsi ilivyokuwa raha.

Mtoto aliweka sikio kwenye nyonga ya bibi.

"Inatoka," aliripoti.

Siku moja bibi alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu. Hakuanguka. Aliwahi kushika mlango, akabaki ameung'ang'ania kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia anaitwa na hajui nani anamwita. Fundi aliuona uso huo kutoka kwenye cherehani. Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, na gurudumu likazunguka peke yake mpaka likasimama.

Kesho yake asubuhi aliweka kiti katikati ya jikoni.

"Shika hapa, Mama. Mguu mmoja."

"Sitaki kukumaliza."

"Hunimalizi. Mimi sivai joho. Na kushona nashona nimekaa."

"Una ujinga wewe mtoto."

"Ndiyo, Mama. Nyanyua mguu."

Bibi alinyanyua mguu. Machozi yalimtoka lakini hakuyumba. Darasani walifundishwa kwamba asiyetaka kuyumba achague kitu kimoja kisichosogea, akikazie macho. Bibi alimkazia macho binti yake, ambaye alikuwa anashuka.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu. Seremala wa mtaani alikuja na msumeno, akapunguza miguu ya meza ya cherehani, na baada ya muda akaja kuipunguza tena. Kanyagio liliinuliwa kwa kipande cha ubao. Wateja walizoea kuinama kidogo wanapopimwa mabega, na mmoja alisema ni afadhali hivi, maana zamani fundi alikuwa akimpulizia shingoni. Mume aliporudi kutoka safari alimtazama mkewe kwa muda, akauliza kama amebadili viatu. Akajibiwa ndiyo. Akala, akalala, akaondoka alfajiri na lori.

Wakili alikuja kusalimia na tunda la msimu kwenye mfuko. Aliinama kumbusu mama yake, akainama zaidi kumsalimia dada yake, akasema nyumba hii ina amani.

Siku ya kipimo kilichofuata walikwenda wote watatu, bibi, fundi na mtoto. Picha iliwekwa kwenye kioo chenye mwanga. Mgongo ulikuwa na matundu yaleyale, na mikono vilevile. Lakini nyonga ilikuwa imejaa, nyeupe, imeshiba.

"Nyonga ya msichana," mtaalamu wa mazoezi alisema, akaigonga picha kwa kucha. "Bibi, hii hata ukianguka nayo utainuka nayo."

"Nitainuka nikitazama chini," bibi alisema, "lakini nitainuka." Na hapo akacheka, kicheko kizima cha mtu mwenye mahali pa kukiweka, akatikisa kiuno mbele ya wagonjwa wengine ili waone.

Mtaalamu alimgeukia fundi, akamwangalia kutoka juu hadi chini, safari fupi.

"Na wewe dada unaye mtoto. Usingoje uzeeke kama hawa. Njoo uanze sasa, utarudishiwa chako."

Fundi aliangalia ukumbini. Mtoto wake alikuwa katikati ya mikeka, amesimama kwa mguu mmoja kama alivyoona akina mama wakifanya, ulimi nje, mikono imetanda. Alikuwa na miguu mirefu. Suruali aliyoshonewa kabla ya mvua ilikuwa imeishia katikati ya muundi.

"Nina kazi nyingi," fundi alisema.

"Wote husema hivyo," mtaalamu alisema bila ubaya, akapuliza filimbi kuita darasa jingine.

Walirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu bibi alitaka kuitumia nyonga yake. Alitangulia, akikanyaga kwa nguvu, uso wake umeelekea lami, na kila akikanyaga alisema neno dogo la kuridhika. Alitaja vitu alivyoviona huko chini: kifungo, ganda la karanga, mfuniko wa chupa, mchwa wanaohama. Fundi alimwita asivuke kabla hawajafika. Bibi akasimama ukingoni, imara kama nguzo ya umeme, akangoja.

Fundi alimshika mtoto mkono. Zamani mkono huo ulikuwa ukinyooka juu kabisa, kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Sasa ulilala tu ndani ya wake, viwiko vyao vikigusana. Magari yalipita, makubwa na madogo, na upepo wa magari ukawapepea nguo wote wawili kwa usawa mmoja. Mtoto hakuyatazama magari. Aligeuza kichwa upande, hakukiinua, akamkagua mama yake taratibu, nyusi, pua, kovu dogo la sindano kwenye kidevu, kwa udadisi wa mtu aliyeingia chumba ambacho siku zote alikipita nje.

"Mama, sasa nauona uso wako."