Madigadi ya Bi Tukutuku

Mtaa mzima ulimwita Bi Tukutuku, kwa sababu ya pikipiki aliyoendea kazini miaka yote ya ukunga wake. Siku aliyokwenda kuichukua gereji, aliizunguka polepole kama mtu anayekagua mtoto aliyekuwa ameachwa kwa jirani. Tangi liling'aa. Injini ilikuwa safi. Alipofika nyuma, akaganda.

"Madigadi hii si yangu."

Fundi alicheka, kisha akamgeukia mkwe wa Bi Tukutuku, mume wa bintiye, aliyemsindikiza. "Bosi, mweleweshe mama. Hizi zote ni moja, kazi yake kuzuia matope."

"Nieleweshe mimi," alisema Bi Tukutuku. "Mwenye pikipiki ni mimi. Huyu hata baiskeli humwangusha."

Mkwe akakohoa, akaangalia viatu vyake.

Madigadi yake ilikuwa pana, ikikumbatia tairi hadi chini, na ncha yake imejikunja kama mdomo wa jagi. Hii ilikuwa fupi, nyembamba, ya pikipiki za juzijuzi. Matundu hayakulingana, basi fundi alikuwa ameshindilia vipande vya mpira na kufunga waya. Taa ya nyuma ilitazama juu, na keria iliyobeba sanduku lake la kazi haikuwa na pa kushika.

"Nilisema uondoe kutu, unyooshe, upake rangi. Nani alikutuma kubadilisha?"

"Mama, ile ilikuwa imechoka. Nimekusaidia tu."

"Hata mimi nimechoka. Utanibadilisha na mimi?"

Mkwe aliachia kicheko, akakimeza haraka.

"Iko wapi?"

"Nilishatupa zamani," fundi alijibu, macho yakiwa kwenye spana.

Bi Tukutuku aliitikisa ile fupi kwa nguvu, grisi ikamganda vidoleni. Ni madigadi ile iliyomfikisha kwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakati wa mvua akiwa na sare safi mgongoni, akaweza kuingia chumbani na kupokea mtoto bila aibu. Leo mtu anaiita imechoka!

Alikwenda uani kunawa grisi mikononi. Pale bombani, mabata wa fundi walikuwa wanakunywa maji kwenye kitu kirefu kilichopinduliwa na kuegemezwa mawe. Aliitambua ile ncha kabla hajafika. Akamwaga maji, mabata wakatawanyika kwa kelele, naye akarudi ndani ameikumbatia, tope likimchirizika kwenye gauni.

"Kutupa kwenyewe ndiko huku?"

Fundi akaanza kufuta spana kwa kitambaa.

"Toa hiyo takataka yako. Ufunge hii, nikiwa nakutazama."

Alivuta kiti akaketi karibu kabisa na gurudumu. Fundi alifungua waya, akagonga mikunjo, akaiweka madigadi mahali pake. Bolti ziliingia kwa vidole tu, bila kulazimishwa. Keria ikakaa. Taa ikatazama barabarani.

"Sasa niachie niipake rangi, mama," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe? Hata brashi hutaigusa."

Akaipiga kiki, akaondoka na kutu yake, mkwe amekaa nyuma ameshikilia keria kwa mikono miwili. Nyumbani bintiye alimsihi atulie, si ameshaipata?

"Ameinyweshea mabata!" alifoka, na bila kuvua gauni lenye tope akaanza kutafuta msasa wa kuikwangua kutu mwenyewe.