Masharti ya Kumlea Nabiha

Nilijisifu sana siku ile. Dama alipobisha mlangoni kwangu Kibokoni akitafuta kazi ya yaya, alitaka mia nane kwa mwezi, nami nikamshusha hadi mia sita kabla chai haijapoa. Jirani yangu Bi Mwanakhamis alikuwa na msichana mwingine wa kazi aliyekuwa tayari kumdhamini, lakini huyo hakushuka hata shilingi. Mshahara wangu wa ualimu ungebakia nini?

Masharti niliyataja mwenyewe. Kula na kulala kwangu. Mapumziko Jumapili moja kwa mwezi. Mshahara wa kwanza nitauzuia, asije akaniacha ghafla. Na mtoto asivushwe mlango nisipokuwapo. Akivushwa, namkata nusu ya mshahara.

"Na akiugua mchana, mama?" Dama aliniuliza.

"Utaningoja."

Aliinamisha kichwa, nami nikalihesabu hilo kuwa adabu.

Wiki ya tano nilirudi kutoka shuleni Ganjoni saa nane mchana, nikakuta mlango umerudishwa tu. Nikaita. Susu aliyolazwa mwanangu Nabiha ilikuwa tupu, na kigodoro chake kimerowa maji. Nikaenda chumbani kwa Dama. Mfuko wake haukuwapo msumarini. Nikakaa sakafuni pale pale na buibui langu.

Nilipoweza kusimama nilimkimbilia Bi Mwanakhamis.

"Kwao ni wapi?" aliniuliza.

"Kilifi."

"Kilifi kubwa, mwanangu. Kilifi ya wapi?"

Sikujua.

"Babake ni nani?"

Sikujua pia. Nilichojua ni vijiko vya sukari anavyotia kwenye chai, kwa sababu nilikuwa nikivihesabu. Mwezi mzima msichana kalala nyumbani kwangu, kambeba mwanangu wa miezi tisa, na jina lake la pili sikuwahi kuliuliza. Polisi ningewaambia nini? Mtafuteni Dama?

"Usilolijua ni usiku wa kiza," alisema Bi Mwanakhamis, akanishika mkono. Alikuwa na haki ya kunicheka. Hakunicheka, na hilo likanitisha zaidi.

Tulizunguka vichochoro tukiuliza. Fundi mmoja wa cherehani alisema amemwona msichana akikimbia kuelekea barabara kubwa, mtoto kafunikwa kanga mpaka uso. Kichwani mwangu nikaliona basi la Malindi likiondoka nao. Nikamwona Nabiha akikua na jina jingine, hanijui. Nilimwomba Mungu anirudishie mwanangu, nikaahidi kumlipa Dama mia nane, kisha elfu, kisha elfu mbili. Hata hapo nilikuwa nikipatana bei.

Tulirudi mlangoni kwangu alasiri ikiadhiniwa, nami nimeshakauka machozi. Dama akatokea kwenye kona, miguu peku, Nabiha kalala begani kwake. Nilimnyakua. Mwili ulikuwa na joto, lakini alikuwa akipumua.

"Alishikwa na degedege, mama," alisema. "Macho yaligeuka. Nilimmwagia maji, hayakufaa kitu, nikakimbia naye zahanati. Mfuko wangu nimeuweka rehani kule mpaka dawa zilipwe."

Akanipa kadi. Juu pameandikwa Nabiha. Chini yake, mahali pa mama, pameandikwa Dama Kombe, wa Jaribuni, Kilifi. Ndipo nilipolijua jina lake na kwao.

"Waliniuliza mimi ni nani yake. Niliogopa nikisema yaya wataniambia nikamlete mamake."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilipoinua uso nikamkuta hamtazami mtoto. Alikuwa akinitazama mimi mdomoni.

"Nimemvusha mlango, mama," alisema. "Utanikata nusu, au utanifukuza?"

Nilimwambia aingie ndani kwanza. Alibaki nje ya kizingiti, akingoja nimjibu.